Saratani ya kibofu: BCG au mitomaisini? Ulinganisho kwa mgonjwa wa Tanga na jamaa zake

Uvimbe wa kibofu ukishakwanguliwa, safari ya mgonjwa haijaisha. Saratani hii ina tabia ya kurudi, tena palepale kwenye utando wa ndani ya kibofu, na ndiyo maana daktari wa mfumo wa mkojo huzungumzia dawa ya kuingizwa kibofuni kwa mpira mwembamba unaopitishwa njia ya mkojo. Majina yanayotajwa zaidi ni mawili, BCG na mitomaisini. Yote mawili asili yake ni bakteria, ila kwa njia zilizo mbali kabisa. BCG ni bakteria wenyewe, wangali hai. Mitomaisini ni sumu inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, ikachujwa, ikakaushwa na kutiwa kwenye chupa.

Habari za "bakteria wanaotibu kansa" zimejaa kwenye simu zetu, zimechanganywa kweli na uongo, na mwenye mgonjwa nyumbani hajui ashike lipi. Hizi mbili ndizo zenye ushahidi wa miaka mingi kwenye kibofu, kwa hiyo nitakaa nazo. Nyingine nitazigusa tu.

Zimetoka wapi

BCG ilianzia Lille, Ufaransa. Albert Calmette na Camille Guérin walichukua kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe, wakakikuza juu ya vipande vya viazi vilivyolowekwa nyongo ya ng'ombe, na kila baada ya wiki tatu hivi wakakihamishia kwenye viazi vipya. Walianza 1908. Kufikia 1921 walikuwa wamekihamisha mara 230, na kijidudu kikawa kimepoteza ukali wake lakini hakijafa. Hiyo ndiyo chanjo inayotuachia kovu mkononi tangu utotoni.

Kuitia kibofuni kulikuja baadaye. Mwaka 1976 Alvaro Morales na wenzake wa Kingston, Canada, walichapisha majibu ya wagonjwa tisa waliowekewa BCG ndani ya kibofu, mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Idadi hiyo ya sita haikutokana na hesabu yoyote ya kina: BCG waliyokuwa wanaitumia ilifungashwa chupa sita sita, na madhara ya kila dozi yalikuwa yanapoa kabla ya wiki kwisha. Mpaka leo duniani kote dozi za mwanzo ni sita. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 1990.

Bakteria hao hawali uvimbe. Wanajishika kwenye utando wa kibofu, baadhi wanaingia ndani ya seli, na kinga ya mwili inakuja kwa wingi kupambana nao. Ni kama mtu aliyepiga yowe la mwizi usiku mtaani: majirani wanatoka kwa ajili ya yowe, wakifika wanamkuta na mwizi mwingine aliyekuwa amejibanza. Hapo ndipo nguvu ya BCG ilipo, na udhaifu wake pia, kwa sababu mwili usio na majirani wa kutosha haufaidiki na yowe.

Mitomaisini iligunduliwa Japani katika miaka ya 1950, kutoka kwa bakteria aitwaye *Streptomyces caespitosus*. Ukoo huu wa *Streptomyces* tunaufahamu puani hata kama hatuujui kwa jina, maana ndio unaotoa ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza ikinyesha. Umezaa pia doksorubisini, bleomaisini na daktinomaisini, dawa zinazotundikwa kila siku kwenye wodi za saratani. Mitomaisini yenyewe ina rangi ya zambarau iliyokolea. Ikiingia kwenye seli inafunga pamoja nyuzi mbili za DNA, seli ikashindwa kugawanyika na kufa. Haihitaji msaada wa kinga ya mwili.

Kabla ya kuchagua: kinyama kimesema nini?

Kinyama ni kile kipande cha uvimbe kinachopelekwa maabara kuchunguzwa. Hapa ndipo ningependa jamaa wa mgonjwa wasimame kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

BCG na mitomaisini zote mbili zinafaa uvimbe wa juu juu tu, ambao haujaingia kwenye misuli ya kibofu. Tena ni ule unaoanzia kwenye seli za kawaida za utando wa njia ya mkojo. Huko Ulaya na Marekani, karibu robo tatu ya wagonjwa hugunduliwa wakiwa katika hali hiyo, na vitabu vingi vimeandikwa kwa kuwafikiria wao.

Pwani yetu ina jambo lake. Kichocho cha mkojo kimekuwa nasi Tanga kwa vizazi, kuanzia vijito vya Muheza mpaka mabonde wanakolima mpunga. Mtoto anaoga kwenye maji yenye konokono, minyoo inaingia kupitia ngozi, mayai yake yananasa kwenye ukuta wa kibofu na kuuchubua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka minyoo hiyo, *Schistosoma haematobium*, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Na saratani inayotokana na kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine, ya seli bapa, na mara nyingi hukutwa imeshachimba misuli.

Kwa saratani ya namna hiyo, si BCG wala mitomaisini ya kibofuni. Mazungumzo yanahamia kwenye upasuaji wa kuondoa kibofu, na wakati mwingine mionzi au dawa za kupitia mshipa. Anayesafirisha mgonjwa wa aina hii akitafuta BCG anapoteza miezi ambayo mgonjwa hana.

Kwa hiyo karatasi ya majibu ya kinyama ndiyo ya kushika kwanza. Isome pamoja na daktari, au muombe akusomee, na uliza mambo matatu: ni aina gani ya seli, imefika wapi kwa kina, na je, kipande kilichokatwa kilikuwa na misuli ndani yake? Swali la tatu wengi hawalijui. Kama kipande hakikuwa na misuli, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba misuli ni salama, na mara nyingi hulazimu kukwangua tena baada ya wiki chache.

Prazikwanteli, zile tembe ambazo watoto wa shule humezeshwa baada ya kusimamishwa kwenye mti wenye alama za urefu ili ijulikane wameze ngapi, zinaua minyoo. Haziondoi saratani iliyokwisha kuota. Mtu mzima anayekojoa damu bila maumivu, hata kama aliugua kichocho utotoni na amezoea, aende akapigwe kipimo cha kamera, ile inayopitishwa njia ya mkojo kuangalia ndani ya kibofu. Asirudishwe nyumbani na tembe peke yake.

Siku ya dawa

Tuseme kinyama kimesema uvimbe ni wa juu juu. Sasa tuziweke dawa zenyewe bega kwa bega.

Kwanza wakati wa kuanza. Mitomaisini inaweza kutolewa dozi moja ndani ya saa 24 baada ya kukwangua, na dozi hiyo moja ina faida ya kweli kwa uvimbe mdogo wa hatari ndogo (madaktari huupanga uvimbe katika hatari ndogo, ya kati au kubwa, kwa kadiri unavyoweza kurudi au kuchimba). Masharti ni kwamba kibofu kisiwe kimetoboka wakati wa upasuaji. BCG haiwekwi hivyo hata siku moja. Ukuta wa kibofu ukiwa mbichi na unavuja damu, bakteria hai wanapenya mpaka kwenye mzunguko wa damu na wanaweza kuua. Husubiriwa wiki mbili au zaidi, kidonda kipone. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anaweza kupata mitomaisini mara moja siku ya upasuaji na baadaye akaanzishiwa BCG. Hapo daktari hajabadili mawazo, kila dawa imepewa wakati wake.

Namna ya kuweka inafanana: mpira unapitishwa, mkojo unatolewa wote, dawa inaingizwa, mpira unachomolewa, na mgonjwa anakaa nayo. BCG hukaa kwa muda wa saa mbili, mitomaisini saa moja hadi mbili. Kwa mitomaisini inasaidia sana mgonjwa apunguze kunywa maji kabla, kwa sababu mkojo mwingi unaizimua dawa.

Nyumbani ndiko zinakotofautiana. Mkojo wa kwanza baada ya BCG una bakteria hai. Kwa saa sita, kila akikojoa, amwage dawa ya kuua vijidudu chooni (jiki tunayofulia inatosha), asubiri dakika 15 ndipo amwagie maji. Akojoe ameketi au amechuchumaa ili mkojo usiruke. Katika nyumba zetu ambako choo ni kimoja na watoto wanaingia peku, jambo hili lisemwe wazi, lisifichwe kwa aibu. Mitomaisini haina kijidudu, lakini ni sumu kwa ngozi: asiponawa vizuri mikono na sehemu za siri kwa sabuni baada ya kukojoa, viganja na sehemu hizo hutoka vipele vinavyowasha.

Madhara ya kawaida ya zote mbili ni mkojo kuchoma na kwenda haja ndogo kila mara kwa siku moja mbili. BCG huongeza homa nyepesi na mwili kuuma. Kinachotakiwa kuogopwa ni homa kali inayozidi siku mbili, au mtetemo na baridi kali. Hiyo inaweza kuwa ni BCG imesambaa mwilini, na hutibiwa kwa dawa za TB kama isoniazidi na rifampisini. Mgonjwa akifika zahanati na homa hiyo, aseme mapema kwamba amewekewa BCG kibofuni. Mhudumu asipoambiwa atapima malaria, na akiikosa atampa antibayotiki ya kawaida na kumruhusu.

Nani asiwekewe BCG

Mwenye TB inayomsumbua sasa. Mwenye kinga iliyoshuka sana, iwe kwa VVU ambavyo havijadhibitiwa, au kwa kutumia dawa za kushusha kinga kama prednisoloni kwa muda mrefu. Mwenye mkojo wenye damu inayoonekana au maambukizi ya mkojo siku hiyo, au ambaye mpira umemchana wakati wa kupitishwa: huyo dozi inaahirishwa. Kovu la chanjo ya utotoni si kizuizi.

Kwa watu hawa mitomaisini ni njia halali kabisa, na jamaa wasijione wameambulia ya pili.

Ipi ina nguvu zaidi?

Jibu la haraka ni BCG, kwa uvimbe wa hatari ya kati na hatari kubwa. Lakini jibu hilo lina mkia, na mkia ndio unaotuhusu sisi tunaoishi mbali na hospitali kubwa.

Mwaka 2009 watafiti waliunganisha kumbukumbu za wagonjwa 2,820 kutoka majaribio tisa yaliyolinganisha dawa hizi mbili. Waliopata BCG pamoja na dozi za kuendeleza, yaani zinazofuata baada ya zile sita za mwanzo, hatari ya uvimbe kurudi ilipungua kwa asilimia 32 kuliko waliopata mitomaisini. Waliopata BCG ya mwanzo tu bila kuendelezwa, mambo yaligeuka: hatari ikawa juu kwa asilimia 28 kuliko mitomaisini. Kwa upande wa vifo haikuonekana tofauti kati ya dawa hizi mbili.

Hesabu za dozi ni hizi. Sita za mwanzo, moja kila wiki. Kisha tatu tatu katika mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, jumla 15, kwa mwenye hatari ya kati. Mwenye hatari kubwa huendelea mpaka mwezi wa 18, 24, 30 na 36, jumla dozi 27 ndani ya miaka mitatu.

Sasa mtoe mgonjwa Chumbageni au Pongwe. Kwenda hospitali ya KCMC Moshi, wenye taasisi ya siku nyingi ya magonjwa ya mfumo wa mkojo, unapita Segera, Korogwe, Mombo, Same. Kwenda Muhimbili unapita Segera hiyohiyo kisha Chalinze. Njia zote mbili ni kama kilomita 350 kwenda tu, mgonjwa ana miaka sabini, na baada ya dawa anatakiwa choo kila nusu saa. Nauli yake, nauli ya anayemsindikiza, pa kulala. Familia nyingi zinajikaza kwa zile sita za mwanzo, damu ikikoma kwenye mkojo, zinaona amepona. Mwezi wa tatu haendi.

BCG ya nusu njia ndiyo chaguo baya kuliko yote mawili. Kama familia inaweza kujipanga kwa mwaka mzima, kwa mfano mgonjwa akakae kwa mwanawe Dar es Salaam au Moshi katika wiki za dozi, BCG inastahili jasho hilo. Kama haiwezekani, mwambieni daktari ukweli huo tangu siku ya kwanza. Mitomaisini nayo ina ratiba yake, kwa kawaida kila wiki kwa wiki sita hadi nane, kisha mara moja kwa mwezi mpaka kufikia mwaka, lakini kuikosa dozi moja hapa na pale hakugeuzi hesabu kwa kiasi kile.

Kuna na suala la upatikanaji. BCG ya kibofuni hutengenezwa na viwanda vichache duniani, na haiharakishwi, kwa kuwa bakteria hawa hukua polepole sana. Mwaka 2012 kiwanda cha Sanofi kilichoko Toronto kiliingiliwa na maji, na mwaka 2017 kampuni ikaacha kabisa kuitengeneza. Tangu hapo hata nchi tajiri zimekuwa zikipungukiwa. Piga simu hospitali kabla ya kupanda basi, na usiulize kama "wanayo BCG". Uliza kama wanayo ya kutosha dozi zote sita, na kama bima yako inaigharimia.

Mzee mmoja wa Ngamiani aliniuliza, "Mwanangu, BCG si ipo kliniki ya watoto hapa hapa? Kwa nini nipelekwe Moshi?" Nikamwambia, "Babu, jina ni moja, kipimo ni mbali." Dozi ya mtoto mchanga ni tone la mililita 0.05 ndani ya ngozi, lenye bakteria kati ya laki moja na laki nne. Dozi ya kibofuni ina mamia ya mamilioni. Kukusanya vichupa vya chanjo ili kumtibia mzee hakumponyi mzee, na kunawanyima watoto.

Bakteria wengine mnaowasikia

Bakteria waliobadilishwa maabara ili waingie kwenye uvimbe. Wazo ni zuri, kwa sababu katikati ya uvimbe mkubwa hakuna oksijeni na baadhi ya bakteria hupenda hapo. *Salmonella* iliyodhoofishwa ilijaribiwa kwa binadamu zaidi ya miaka ishirini iliyopita na haikupunguza uvimbe. *Clostridium novyi* iliripotiwa 2014 kupunguza uvimbe wa mama mmoja huko Marekani. Hayo yote ni majaribio. Ukiuziwa kitu cha namna hiyo kwa fedha, kimbia.

Mtindi na vidonge vya bakteria wa tumboni. Japani katika miaka ya 1990 walijaribu unga wa *Lactobacillus casei* kwa wagonjwa wa kibofu baada ya upasuaji, na majibu yalitia moyo, lakini haujawahi kuchukua nafasi ya dawa hizi mbili. Mgonjwa anywe mtindi wake kama chakula. Anayepata kemo ya mshipani na chembe nyeupe za damu zimeshuka, amuulize daktari kwanza, maana bakteria hai kwake wanaweza kuwa hatari.

Ningechagua ipi

Uvimbe mmoja mdogo wa hatari ndogo: dozi moja ya mitomaisini siku ya upasuaji, kisha kufuatiliwa. BCG hapo ni mzigo usio na sababu. Hatari kubwa, au ile saratani iliyotambaa kama tabaka jembamba juu ya utando bila kuchimba (si ile ya seli bapa ya kichocho): BCG, na familia ikae kikao kuhusu nauli na malazi kabla ya dozi ya kwanza, si baada ya ya sita. Hatari ya kati ndiyo yenye mjadala wa kweli, na hapo ningeiangalia ramani na mfuko wa familia kabla ya kuangalia asilimia. Mwenye kinga dhaifu: mitomaisini.

Yoyote itakayochaguliwa, kipimo cha kamera cha miezi mitatu kisikosekane. Wengi wanaishia hapo kwa sababu mkojo umekuwa msafi, ilhali uvimbe mdogo unaweza kurudi bila damu yoyote kuonekana. Na kama saratani ya daraja kali ikionekana tena baada ya BCG iliyotolewa kikamilifu, msikubali kuzungushwa kutoka dawa moja ya kibofuni hadi nyingine bila maelezo. Muulizeni daktari siku hiyohiyo kuhusu kuondoa kibofu, wakati misuli bado ni salama.